Maswali ya Wasomaji: Kope Iliyokwisha Kukatwa, Inarekebishwaje?

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kope kwa ajili ya sura, wakafumbua macho na kukuta sivyo walivyotarajia. Wengi wenu hali zenu zinarekebishika. Ila upasuaji wa pili una hesabu zake. Mara ya kwanza daktari hupima kilichozidi. Mara ya pili hupima kilichobaki. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili, haifiki unene wa milimita moja, na iliyokatwa ikatupwa haioti tena. Kwa hiyo msishangae tukiitaja rula katika karibu kila jibu.

*Nina miaka 52. Wiki 5 zilizopita nilipunguzwa ngozi ya kope za juu. Mume wangu anasema nikilala jicho la kulia halifumbi lote. Nikiamka linachoma kama lina mchanga, na naona ukungu kwa saa nzima au zaidi. Aliyenifanyia anasema nisubiri. Nisubiri nini?*

Dada, kope inaweza kusubiri. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, haisubiri. Ikikaa wazi usiku kucha inakauka, inachubuka, na mchubuko huo ukiingiwa na vijidudu unakuwa kidonda kinachoacha kovu mahali unapoonea. Basi kazi ya leo ni kulinda konea, na kazi ya kope ije baadaye.

Wiki 5 bado ni mapema. Msuli wa kufumba jicho ulichubuliwa na haujarudisha nguvu, na uvimbe wa ndani hauonekani kwenye kioo lakini upo. Mwanya wa milimita 1 au 2 wa namna hii mara nyingi hujifunga wenyewe katika wiki au miezi michache. Mwambie mume wako akuangalie kwa tochi hafifu ukiwa umefumba polepole, kama anayeanza kusinzia, bila kukaza. Watu wengi wakifumba, jicho hugeuka juu lenyewe na konea hujificha nyuma ya kope. Kama kwenye mwanya panaonekana weupe tu, una kinga fulani. Kama inaonekana sehemu nyeusi au ya kahawia, konea iko wazi na unahitaji kuonwa na daktari wa macho wiki hii hii. Atakutia rangi ya fluoresini na kukumulika kwa mwanga wa bluu. Sehemu zilizochubuka huwaka kijani, na hapo mtajua ukubwa wa tatizo.

Wakati huo huo, mchana tumia matone ya machozi yasiyo na kemikali ya kuhifadhia dawa, kila baada ya saa 1 au 2. Chupa za kawaida zina kemikali hiyo, na ukizitia mara nyingi hivyo zinachubua konea zenyewe. Usiku weka marhamu nzito ya macho, kipande cha urefu wa sentimita moja hivi ndani ya kope ya chini. Kisha funga jicho kwa plasta laini ya kitabibu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Marhamu hutangulia, halafu unafuta ngozi ya nje mpaka ikauke, unaishusha kope kwa kidole mpaka ifumbe kabisa, ndipo unabandika plasta ikianzia kwenye kope ya juu kuelekea shavuni kwa mshazari. Plasta ikiwekwa juu ya jicho lililobaki wazi kidogo husugua konea usiku kucha, na hapo ni bora usingeibandika kabisa. Feni isikupulizie usoni.

Ukipata maumivu makali, ukashindwa kuvumilia mwanga, ukaona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi, au uoni ukapungua, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa kope yenyewe. Mshono ukishapona na daktari akiridhia, unaweza kuinyoosha: shika nyusi kwa vidole vya mkono mmoja isishuke, fumba jicho, na kwa kidole cha mkono wa pili sukuma ngozi ya kope chini, hesabu mpaka 10, achia. Mara 10, vipindi 3 au 4 kwa siku. Halafu pimeni. Kutoka ukingo wa chini wa nyusi mpaka zinapoota nywele za kope, ngozi ikiwa imenyooshwa taratibu, panatakiwa pawe na milimita 20 hivi ili jicho lifumbe vizuri. Ukikuta 18, subira na kunyoosha vinaweza kutosha. Ukikuta 13 au 14, hakuna kunyoosha kutakakoleta ngozi isiyokuwapo. Dawa yake ni kiraka cha ngozi ya unene kamili, kinachotolewa kwenye kope nyingine kama ina ziada, nyuma ya sikio, au juu ya mtulinga. Kiraka huonekana kama kiraka kwa miezi kadhaa, na rangi yake huenda isilingane kabisa. Wengi hukikataa kwa sababu ya sura, na tunawaelewa, lakini jicho linalokauka kila usiku ni hasara kubwa kuliko alama.

Kuna chanzo kingine ambacho si upungufu wa ngozi: kovu la ndani limeishika kope. Daktari hutofautisha kwa vidole viwili tu. Akibana ngozi ya kope na ikanyanyuka kwa urahisi, ila akivuta kope chini kwa kushika nywele zake inagoma, basi ngozi ipo na kilichoshika kiko chini yake. Hapo hufunguliwa kovu, wala kiraka hakihitajiki. Mtu akikupendekezea kiraka bila kufanya jaribio hilo, mwombe alifanye. Na mtu yeyote asikunyanyue nyusi kwa sasa: kila milimita nyusi inayopanda inaidai kope ngozi ambayo haina.

*Nimemaliza wiki 3 tangu upasuaji na mikunjo ya kope hailingani. Daktari mwingine yuko tayari kunirekebisha wiki ijayo. Nifanye?*

Hapana. Katika wiki ya 2 mpaka ya 8 kovu huwa gumu, jekundu, na lenye damu nyingi. Anayekata humo anakata tishu ambazo hazionyeshi mipaka yake, na uvimbe wa upande mmoja kuzidi mwingine ni jambo la kawaida kabisa. Kanuni ya wengi ni miezi 6 kwa kope ya juu, na mara nyingine mwaka mzima kwa kope ya chini au pale ngozi ilipokatwa sana, kwa kuwa kovu huendelea kulainika mpaka karibu mwezi wa 12.

Wanaoingia mapema wana sababu zilizo wazi: konea inaharibika, jeraha limefunguka, kuna usaha, au damu imejaa nyuma ya jicho, ambayo ni dharura na tumeieleza kwenye barua ya mwisho. Pia baadhi ya wapasuaji hulegeza uzi uliokaza mkunjo mahali pasipo pake ndani ya siku 7 hadi 14 za mwanzo, kabla kovu halijashika. Wewe umeshapita hapo.

Piga picha kila mwezi. Simama mahali pale pale, mwanga ule ule, kamera ikiwa usawa wa macho, uso umelegea. Piga ukiangalia mbele, ukiangalia chini, na ukiwa umefumba. Piga saa zile zile pia, maana kope za asubuhi huwa zimevimba. Picha sita za namna hiyo zitamsaidia daktari wa pili kuliko maelezo ya nusu saa.

*Nilitengenezewa mkunjo wa kope, ukatoka juu mno. Nikiangalia chini kovu linaonekana kama mfereji. Nataka ushushwe. Nimeambiwa ni vigumu kuliko kuupandisha. Kwa nini? Na je, naweza kupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua?*

Uliyoambiwa ni kweli. Upasuaji wa kutengeneza mkunjo ulielezwa kitabibu huko Japani mwaka 1896 na daktari aitwaye Mikamo, na tangu hapo njia zimegawanyika makundi mawili: kupitisha nyuzi bila kukata ngozi, na kukata. Mkunjo wa nyuzi ukiachia, ngozi inarudi karibu na ilivyokuwa na unaweza kuanza upya. Wako, kwa jinsi unavyoueleza kovu, ulikatwa.

Mkunjo hutokea pale ngozi inaposhikamana na kano ya msuli wa kunyanyua kope. Ukifumbua, msuli unavuta, ngozi inaingia ndani mahali iliposhikwa. Unapimwa mtu akiangalia chini, kutoka kwenye nywele za kope mpaka kwenye mstari, katikati ya kope. Wengi hupangiwa kati ya milimita 6 na 10, kwa kufuata umbo la uso, asili ya mtu, na kama ni mwanamke au mwanamume. Yako ikiwa 12 au 13, maana yake ngozi imenasa juu sana kwenye kano hiyo, na mara nyingi mafuta yaliyokuwa yakitenganisha tabaka hizo mbili yaliondolewa. Mfereji unaouona ndio kunasa kwenyewe.

Kupandisha mkunjo ni kukata mahali papya palipo juu na kuondoa kipande cha chini pamoja na kovu la zamani. Kushusha kuna hatua tatu zinazotegemeana. Kwanza kunasua kovu lote la juu mpaka kope iteleze. Pili kuweka kizuizi ili lisinase tena, ambacho kwa kawaida ni mafuta yaliyobaki ndani ya tundu la jicho, yanayoshushwa na kutandazwa pale, au kiasi kidogo cha mafuta kutoka sehemu nyingine ya mwili. Tatu kushonea mkunjo mpya chini. Hatua ya pili ikirukwa, mkunjo wa zamani hurudi na unabaki na mistari miwili au mitatu.

Halafu kuna kovu la zamani. Likitakiwa kuondolewa, lazima ukate ngozi iliyo kati ya mstari wa zamani na mpya. Kama kutoka nyusi mpaka nywele za kope una milimita 24 au 25, hilo linawezekana. Kama una 20, haliwezekani bila kukuachia jicho lisilofumba, na mpasuaji mwaminifu atakuambia kovu litabaki juu ya mkunjo, likionekana ukifumba. Pima kabla hujakata tamaa, na kabla hujatumaini pia.

Uliuliza pia kuhusu keloidi. Kwenye ngozi ya kope ni nadra sana, hata kwa watu wanaozipata masikioni na kifuani. Linalotokea zaidi kwa ngozi nyeusi ni mstari kuwa mweusi kwa miezi kadhaa kisha kufifia. Kofia na miwani ya jua husaidia kuliko krimu nyingi zinazouzwa.

*Vipele vidogo vyeupe vimejipanga kwenye mshono. Ni usaha?*

La. Ni vijifuko vya ngozi iliyokwama ndani ya tundu za nyuzi. Baadhi hutoweka vyenyewe. Vinavyokaa zaidi ya mwezi daktari huvifungua kwa ncha ya sindano, kazi ya dakika chache. Usivikamue kwa kucha.

*Baada ya upasuaji kope ya kushoto imelegea, na jicho la kulia linaonekana limekodoka. Wamesema warekebishe la kulia kwa kulishusha. Sijaridhika.*

Una haki ya kutoridhika. Misuli inayonyanyua kope mbili hupokea amri moja kutoka kwenye ubongo, kwa nguvu sawa. Kope moja ikilegea, ubongo huongeza amri ili iinuke, na ile nzima hupokea ziada hiyo nayo, ikapanda kupita kiasi. Daktari anayelijua hili huinua kope iliyolegea kwa kidole na kuangalia upande wa pili. Ya kulia ikishuka yenyewe ndani ya sekunde chache, basi haina kosa lolote, na kuishusha kwa kisu kungekuachia kope mbili zilizolegea.

Kipimo cha kulegea ni kutoka kwenye nukta ya mwanga wa tochi inayong'aa katikati ya mboni mpaka ukingo wa kope ya juu. Kawaida ni milimita 4 hadi 5. Kisha hupimwa nguvu ya msuli: nyusi inashikwa kwa dole gumba isisaidie, unaangalia chini kabisa, unaangalia juu kabisa, na rula inasoma mwendo wa kope. Kuanzia milimita 12 kwenda juu ni msuli mzima. Hapo tatizo huwa kano ya msuli iliyolegea au kuchanika, labda wakati wa kutoa mafuta, na hukazwa. Ikiwa ni milimita 4 au chini, kukaza hakutoshi, na kope huenda ikahitaji kuunganishwa na msuli wa paji la uso. Jaribio la tatu ni tone la fenilefrini ya asilimia 2.5. Kope ikipanda baada ya dakika kadhaa, kuna njia ya kuikaza kwa ndani bila kukata ngozi tena.

Kabla ya hayo yote, tafuta picha zako za zamani. Kope nyingi zinazosemekana zimelegezwa na upasuaji zilikuwa zimelegea toka awali, ila ngozi iliyoning'inia ilificha. Hilo halimwondolei daktari lawama ya kutopima, lakini linabadilisha tiba. Jiulize pia kama ulichomwa sindano ya kulainisha mikunjo ya paji la uso. Dawa ikishuka mpaka kwenye kope huilegeza ndani ya siku 2 hadi 14, na huisha yenyewe kwa kawaida ndani ya miezi 3 au 4. Na kama kope inakuwa nzuri asubuhi na kuanguka jioni, au unaona vitu viwili viwili, lazima upimwe ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, miastenia, kabla mtu hajagusa kisu. Barafu ikiwekwa juu ya kope iliyofumba kwa dakika 2 na kope ikapanda milimita 2 au zaidi, hiyo ni dalili ya kuufuatilia.

Ukikazwa, omba ifanywe kwa ganzi, si usingizi kamili, ili ukalishwe katikati ya kazi ufumbue macho na pande mbili zilinganishwe. Daktari naye atakumbuka kwamba adrenalini iliyomo kwenye ganzi huinua kope kidogo, kwa hiyo inayoonekana sawa mezani inaweza kushuka kesho yake.

*Nilitolewa mifuko ya chini ya macho. Sasa kope za chini zimevutika chini, macho yamekuwa ya duara, na machozi yananitiririka kila nikitoka nje. Imepita miezi 4. Nimeshauriwa nipunguzwe ngozi kidogo ili mikunjo iliyobaki ilainike.*

Ndugu yetu, hili ndilo tatizo gumu kuliko yote kwenye kurasa hizi, na ndilo linaloharibiwa zaidi kwa kurudiwa ovyo. Machozi yanatiririka kwa sababu mbili kwa pamoja: jicho limekauka likajaribu kujiosha, na ukingo wa kope umeachana na jicho, kwa hiyo tundu la kunyonyea machozi halifiki kwenye maji.

Kope ya chini ina tabaka tatu: ngozi na msuli wake mbele, utando wa katikati, na nyuma, sahani ngumu ya kope pamoja na utando laini unaogusa jicho. Juu ya hayo, kope nzima imening'inizwa kwenye kano za pembe mbili kama kamba ya kuanikia nguo. Kamba ikilegea, hata uzito mdogo unaishusha. Swali ni tabaka gani limepungua, na majibu yake yanapatikana kwa vidole.

Vuta kope mbele, mbali na jicho. Ikitoka zaidi ya milimita 6, kamba imelegea. Ishushe chini kisha uiachie bila kupepesa. Ikichelewa kurudi, ni ushahidi wa pili. Sasa sukuma pembe ya nje kwa kidole kimoja kuelekea juu na nje. Kope ikirudi mahali pake, kukaza kano ya pembe ya nje kunaweza kutosha. Ikihitaji kidole cha pili kusukuma katikati ya kope, na hata hivyo ikagoma kama iliyopigiwa msumari, kuna kovu kwenye tabaka la katikati. Ikiwa hairudi mpaka unyanyue shavu zima kwa kidole cha tatu, ngozi ndiyo iliyopungua. Angalia juu huku umefungua mdomo wazi: kope ikizidi kushuka, jibu ni hilo hilo la ngozi.

Tiba hufuata jibu. Kano iliyolegea hukatwa kidogo na kushonewa kwenye mfupa wa pembe ya nje. Kovu la katikati hufunguliwa, na mahali pake huwekwa kipande cha kuitegemeza kope isishuke tena: utando mgumu wa kaakaa, gegedu ya sikio, au tabaka la ndani la ngozi. Cha kaakaa kina uso laini unaofaa kugusana na jicho, ila kinywa kitauma na utakula vyakula laini kwa wiki moja au mbili. Upungufu wa ngozi huzibwa kwa kupandisha shavu, au kwa kiraka. Mara nyingi mtu mmoja huhitaji mawili au yote matatu. Mpasuaji anayekaza pembe peke yake kwenye kope isiyo na ngozi ya kutosha atapata picha nzuri wiki ya 3, na kope iliyoshuka tena kufikia mwezi wa 4. Baada ya upasuaji, kope huvutwa juu kwa uzi uliobandikwa kwenye paji la uso kwa siku 5 hadi 7, ili kovu jipya lipone likiwa limenyooka.

Kwa miezi 4 uliyofikia, kuna ya kufanya bila kisu. Sukuma kope juu kwa kidole chenye marhamu, ukianzia chini ya nywele zake kuelekea pembe ya nje, hesabu 10, mara 10, vipindi 4 kwa siku. Kovu gumu linaweza kuchomwa sindano ya triamsinoloni kidogo, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kuachana wiki 4 hivi. Inalainisha kovu, lakini ikizidi hula ngozi na kuiachia doa lililopauka, jambo linaloonekana zaidi kwa weusi. Matone na marhamu endelea kama tulivyomwelekeza dada wa barua ya kwanza.

Ulisema umeshauriwa upunguzwe ngozi kidogo ili mikunjo iliyobaki ilainike. Usikubali. Hiyo mikunjo ndiyo akiba yako.

*Kope zangu za juu zimebonyea, naonekana mgonjwa. Nijazwe kwa sindano?*

Mafuta yalitolewa mengi. Njia ni mbili. Asidi ya hialuroniki, yaani jeli ya kujazia, huwekwa kidogo kidogo na ina faida moja kubwa: ikikosewa huyeyushwa kwa kimeng'enya cha hialuronidasi. Ubaya wake ni kuisha na muda, na kuonekana kama kivuli cha bluu ikiwekwa karibu mno na ngozi. Mafuta yako mwenyewe, yanayonyonywa tumboni au pajani, hudumu, lakini sehemu yake hunyauka na nyingine hushika, na yakifanya vinundu hakuna dawa ya kuyayeyusha kwa uhakika. Kwa hiyo waweke pungufu. Kuongeza ni rahisi, kutoa ni taabu.

Hatari ya zote mbili ni moja, ni nadra lakini haina msamaha: kitu kikiingia kwenye mshipa wa damu wa eneo hilo kinaweza kurudi mpaka kwenye mshipa wa jicho na kupofusha. Anayekuchoma awe anazijua njia za mishipa hiyo, na hialuronidasi iwe mkononi mwake, si ya kuagizwa. Jicho likizima au likiuma ghafla wakati wa sindano, sema hapo hapo.

*Nimepata daktari wa pili. Niende na nini, nimuulize nini, na nijiandae vipi?*

Nenda na picha za kabla, picha za kila mwezi, na nakala ya ripoti ya upasuaji wa kwanza. Ripoti hiyo ni haki yako kuiomba hata kama mmekosana. Inaeleza ngozi ilikatwa milimita ngapi, mafuta yalitolewa kutoka mifuko ipi, na nyuzi zilishikishwa wapi. Andika malalamiko yako kwa sentensi mbili, ukianza na linalokuuma zaidi, kwa sababu huenda likarekebishika hilo moja tu.

Muulize: tatizo langu liko tabaka gani? Nimebakiwa na milimita ngapi za ngozi? Umerekebisha wangapi waliokatwa na wengine, si wangapi umewakata mwenyewe? Lipi halitarudi? Lisipofaulu, mpango wa tatu upo? Daktari ambaye hakutoa rula wala hakupima machozi usimpe jicho. Machozi hupimwa kwa karatasi nyembamba inayoning'inizwa kwenye kope kwa dakika 5: ikilowa chini ya milimita 10 ni machache, chini ya 5 ni ukavu mkali, na mpango wa kukata lazima ubadilike. Kama macho yamekutoka au kope za juu zimepanda, ombeni kipimo cha damu cha homoni za tezi. Kama ulirekebishwa uoni kwa leza, wengi hutaka ipite miezi 6.

Sigara iache wiki 4 kabla. Kiraka cha ngozi kwa mvutaji ni rahisi kufa. Aspirini na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni huachwa kwa kawaida siku 7 hadi 14 kabla, pamoja na mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu na vitamini E. Lakini kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Daktari aliyekuandikia ndiye anayesema.

Baada ya upasuaji, kitambaa baridi dakika 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho, kwa saa 48 za mwanzo. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Usiiname, usibebe mizigo, usikaze choo. Nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Lenzi za macho zisubiri wiki 2.

Na usiku wa kwanza usilale peke yako nyumbani. Kila saa moja au mbili ondoa kitambaa, ziba jicho moja, soma maandishi yoyote kwa la pili, kisha badilisha. Ukungu wa marhamu ukifutwa unapungua. Lakini jicho likianza kuuma kwa kusukumwa kutoka ndani, likatokeza mbele, likawa gumu kama jiwe chini ya kope, na mwanga ukaanza kufifia, damu imejaa nyuma yake na inaukaba mshipa wa fahamu wa kuonea. Una saa moja, labda moja na nusu. Usipige simu kliniki iliyofungwa. Nendeni hospitali yoyote yenye huduma ya dharura, na mwenzako aseme mlangoni kwamba umetoka kufanyiwa upasuaji wa kope na jicho linapoteza uoni, ili pembe ya nje ya kope ifunguliwe mara moja, hata kabla ya picha ya eksirei au skani.